Ganzi ya mkono: ninavyojishughulikia

Nashona Ngamiani, Tanga, mwaka wa 19 huu, na mkasi ndio ulioniponza. Usiku naamka mkono umekufa ganzi, naukung'uta kama kitambaa kilicholowa mpaka urudi.

Kwanza chunguza vidole. Ganzi ikishika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kikifa kidole cha mwisho, angalia kiwiko.

Kilichonisaidia ni kulala kifundo kimenyooka. Nilikata kipande cha rula ya mbao, kutoka katikati ya kiganja hadi katikati ya kifundo na kiwiko, nikakishonea mfuko wa kanga kuukuu, nikakifunga kwa bendeji. Usikaze! Vidole vicheze. Kila usiku, wiki 6. (Cha dukani ni kizuri zaidi, ukiwa na hela.) Mchana napumzisha mkasi kila nikimaliza kukata gauni moja.

Tabibu wa kairopraktiki huchezesha viungo vya kifundo, kiwiko na shingo kwa mikono yake. Wapo wanaopata nafuu, ila ushahidi bado ni mdogo. Mimi kifundo nampa. Shingo kunyongwa ghafla, hapana.

Nyama ya chini ya gumba ikinywea, au sindano ikikudondoka ovyo, nenda hospitali upesi. Mjamzito na mwenye kisukari waseme mapema, maana hali hizo nazo huleta ganzi hii.