Jinsi ya kutumia boti ndogo ya mpira wiki ya mashindano ya Cowes

Mashindano ya mashua za matanga ya Cowes, Uingereza, yalianza mwaka 1826 na hufanyika karibu na mwanzo wa Agosti. Mchana watu hutazama matanga. Asubuhi na usiku kazi yote ni ya boti ya mpira, maana mashua nyingi hulala kwenye maboya ndani ya Mto Medina na mabaharia wanataka kufika nchi kavu. Mwaka jana nilimwelekeza kijana wa Tanga aliyekuja kufanya kazi huku, na niliyomwonyesha ndiyo haya. Boti yetu ni ya mita 2.5, mashine yake hosipawa 2.5.

Hatua ya 1: Jaza upepo

Jaza kila upande nusu, kisha sakafu kama nayo ni ya upepo, ndipo umalizie pande zote. Tumia pampu ya mguu. Ya umeme siipendi, inaisha chaji wakati unaihitaji, na mguu unahisi boti inavyokaza. Ukiijaza juani kisha ukaishusha, italegea. Haijatoboka: maji ya huku ni baridi, upepo unanywea. Ongeza kidogo.

Hatua ya 2: Washa mashine

Fungua tundu la hewa la tangi, fungua petroli, vaa kamba ya kuzimia mguuni, vuta. Makasia yawemo hata kama mashine ni mpya.

Hatua ya 3: Funga boti

Hapa usiharakishe. Gati linaloelea hupanda na kushuka pamoja na maji, kwa hiyo halina shida: funga kamba ndefu, mita 4 au 5, ili wanaokuja baada yako wasukume boti yako pembeni na kupita. Ukifunga fupi unawazibia wenzako, na usiku kuna boti hata thelathini mahali pamoja. Mashine iache chini. Ukiiinua, panga lake la kusukuma maji litachana mpira wa jirani.

Shida ni ukutani, kwenye ngazi ya chuma. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, Cowes maji hujaa karibu na saa sita mchana na tena saa sita usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Maana yake jioni, watu wanaposhuka kwenda kula, maji yamekupwa. Mimi nilifunga kipingili cha chini kabisa cha ngazi, kamba fupi, fundo zuri. Niliporudi karibu na saa tano usiku, omo, yaani mbele ya boti, ilikuwa imevutwa chini ya maji, tezi ya nyuma imeinuka juu, boti imejaa maji na kasia moja limekwenda. Fundo lilikuwa chini, halionekani, na limekaza kama jiwe. Nililala kifudifudi ukutani, mkono majini mpaka begani, nikakata kamba kwa kisu kwa kupapasa. Kuyakomba maji na kurudi kwa kasia moja kulinimalizia usiku.

Kwa hiyo: ukifika maji yamekupwa, panda ngazi kwanza, funga juu ukutani, na uache kamba ya kutosha. Ukifika yamejaa, bado acha ndefu, la sivyo yakipwa boti itaning'inia kwa pua. Lakini ndefu mno nayo inaifikisha boti chini ya ngazi, au kwenye chaza walioota ukutani, nao wanakata mpira kama wembe. Ndiyo maana siku hizi nikikosa nafasi kwenye gati linaloelea, naomba mwenzangu anishushe aondoke na boti. Usifunge fundo usiloweza kulifungua gizani kwa mkono mmoja. Na kisu kiwe mfukoni, si kwenye begi ndani ya boti.

Hatua ya 4: Kupita mtoni

Mwendo usizidi noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa. Pantoni ya kati ya Cowes na East Cowes inakwenda kwa minyororo, haiwezi kukukwepa. Isubiri ifike ng'ambo. Mizinga ikianza kulia pale ngomeni ufukweni, mashua zinaondoka: usikatize mbele yao. Usiku washa taa nyeupe, na kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata kwa mita hamsini. Abiria watatu wanatosha.

Hatua ya 5: Kuikunja

Isafishe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa mchanga kwenye mikunjo, ikauke kabisa kabla ya kuitia mfukoni.