Kabla ya dripu ya kwanza: mambo ya kuzingatia kwa anayevuka bahari kwenda kutibiwa saratani

Mama mdogo alipopewa tarehe ya kuanza kemo, yaani kemotherapi, dawa za saratani, nyumba nzima pale Wete, Pemba, ilifungasha. Khanga doti tatu, mswala, tasbihi, chupa ya chai, mkate wa kumimina wa kula njiani, hata mto wake wa kulalia tuliutia kwenye polo. Kitu kimoja hakikuingia, nacho ndicho kilichokuja kututesa: kipimajoto. Bei yake haifiki nauli ya boti. Hatukukinunua kwa sababu hatukujua dawa zile zinafanya nini mwilini, na asiyejua dawa inapiga wapi hajui ajitayarishe wapi. Ndiyo maana nataka nianzie kwenye dawa zenyewe, kisha nije kwenye begi.

Neno kemotherapi halikuzaliwa kwa ajili ya saratani. Aliyelianzisha ni Paul Ehrlich, mwanasayansi wa Ujerumani, na yeye alikuwa akitafuta dawa ya vijidudu: sumu itakayomuua mdudu imwache mwenye mwili. Mwaka 1910 dawa yake ya kaswende, Salvarsan, ikaanza kuuzwa. Mpaka leo Shirika la Afya Duniani likizungumzia vidonge vya kichocho wanavyopewa watoto wetu maskulini, wale wanaopimwa kimo kwa ubao ili ijulikane kila mmoja ameze vingapi, huliita jambo hilo kemotherapi ya kinga. Kwa hiyo dawa ya vijidudu na dawa ya saratani ni ndugu wa ukoo mmoja. Zote mbili zinaua kitu kilicho hai ndani ya mtu aliye hai, na swali ni lile lile: itamtambuaje adui?

Kwa bakteria jibu ni jepesi kidogo. Bakteria ana ukuta unaomzunguka, chembe hai (seli) ya mwanadamu haina. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, na jamaa yake amoksilini tunayoijua sote, huuvuruga ujenzi wa ukuta huo na mdudu akapasuka. Doksisaiklini na azithromaisini huziba mtambo ambao bakteria anatengenezea protini zake, na mtambo huo haufanani na wetu. Virusi vya mafua havina ukuta huo wala mtambo huo, basi kumeza amoksilini kwa mafua ni kumpiga mtu ambaye hayupo. Maudhi hata hivyo yapo. Tumbo huharibika kwa sababu bakteria wema wa utumboni nao wanakufa. Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni, siprofloksasini inaweza kuumiza kano ya kisigino, gentamaisini ikizidi hugusa figo na masikio. Kuna watu penisilini huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na wengine septrini huwababua ngozi.

Hapo ndipo pa kuanzia matayarisho. Nunua daftari dogo, uandike kila dawa iliyowahi kukudhuru na ilikufanya nini, pamoja na kila unachokinywa sasa: vidonge vya presha na sukari, dawa za kifua kikuu, vya ARV kama unatumia, na pia habasoda, mwarobaini na dawa ya mizizi uliyopewa na jirani. Najua hii ya mwisho watu huificha, kwa kuogopa kugombezwa. Isifichwe. Septrini, kwa mfano, ikikutana na methotreksati, ambayo ni dawa mojawapo ya saratani, inaweza kuiporomosha damu ya mgonjwa vibaya sana, na daktari hawezi kuzuia mkutano asioujua.

Saratani ni kazi ngumu zaidi kwa sababu adui ni chembe yako mwenyewe. Haina ukuta wa kigeni wa kubomoa. Tofauti yake kubwa ni kwamba inagawanyika bila ya kutulia, na dawa nyingi za kemo huifuata alama hiyo: nyingine zinaharibu vinasaba vyake visinakilike, nyingine zinazifunga zile nyuzi ambazo chembe huzitumia kujigawa mbili. Vinkristini, inayotumika sana kwa saratani ya damu ya watoto, inatokana na ua dogo la rangi ya waridi ambalo asili yake ni Madagaska. Lakini mwilini chembe zinazogawanyika upesi si za saratani peke yake. Mashina ya nywele yamo, utando wa mdomo na utumbo umo, na uboho wa mifupa, kiwanda cha damu, umo. Ukilijua hili, maudhi ya kemo hayakushangazi tena: nywele kupukutika, vidonda mdomoni, kuharisha, kuishiwa damu, michubuko isiyo na sababu, na kinga kuanguka. Kila dawa nayo ina lake la peke yake. Doksorubisini ni nyekundu na hufanya mkojo uwe mwekundu siku moja au mbili, hiyo si damu. Lakini inaweza kuuchosha moyo, ndiyo maana moyo hupimwa kabla. Sisiplatini huhitaji maji mengi ili figo zisalimike. Vinkristini huleta ganzi za vidole na choo kigumu.

Kwa hiyo kabla ya tarehe, yako mambo ya kutengeneza mwilini. Nenda kwa daktari wa meno, kwa sababu jino lililooza ni mlango wa bakteria, na likikuuma katikati ya kemo huenda lisiweze kung'olewa kwa kuwa damu haitaganda vizuri. Ulizia kipimo cha homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo vinaweza kulala mwilini miaka mingi vikaamka kinga inaposhuka, na dawa ya kuvizuia ipo kama vikijulikana mapema. Mwanamke ambaye bado anazaa apimwe mimba, na wenye nia ya kupata watoto baadaye, wake kwa waume, walizungumze na daktari kabla ya dripu, haya zikae pembeni. Pima uzito na urefu, kwa sababu dozi hukadiriwa kwa hayo, na hii ndiyo sababu dozi ya mwenzako wa kitanda cha pili haikuhusu. Na jamaa wajulikane mapema nani yuko tayari kuchangia damu. Sisi tulianza kupiga simu damu ilipokwisha kuhitajika, na watu wema walikuwa baharini wanavua.

Sasa kipimajoto.

Baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zile askari, hazianguki siku ile ile. Kwa dawa nyingi hushuka chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha zikapanda taratibu. Ndiyo maana mizunguko mingi ya kemo hupangwa kwa siku 21. Siku hizo za kati mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Mama mdogo alikuwa hivyo. Tuliamua kurudi Pemba siku ya nane, amepakumbuka kwake, na usiku wa siku ya kumi, saa nane, aliniita: "Mwanangu, nifunike, nahisi baridi." Nikamfunika. Nikampa panadoli mbili, akatoka jasho, mwili ukapoa, tukamshukuru Mungu. Asubuhi nikaenda duka la dawa, nikasema ana homa, muuzaji akanikatia kapsuli sita za amoksilini bila ya kuniuliza mgonjwa ni nani wala ana nini. Sikumwambia, naye hakuuliza. Ilipofika alasiri hakuweza kukaa kitako, midomo imepauka, mapigo yanakwenda mbio. Spitali walipompima damu, chembe nyeupe zilikuwa karibu hakuna. Alitiwa antibiotiki za mshipani na akakaa wodini siku tisa.

Makosa yetu yalikuwa mawili, na nayasema wazi ili mwengine asiyarudie. La kwanza ni panadoli kabla ya kupima joto. Panadoli haiui kijidudu chochote. Inaficha alama tu, na kwa mtu ambaye hana askari, alama ni hiyo homa peke yake. Hata usaha huenda asiuone, kwa sababu usaha unatokana na hizo hizo chembe nyeupe. Mgonjwa wa kemo akihisi baridi, akitetemeka au akiona mwili si wake, apimwe kwanza, na joto likifika 38 ni safari ya spitali saa ile ile, usiku au mchana. Na kama anatetemeka, hata kipimajoto kikisoma chini ya hapo, aende. Akifika mlangoni maneno ya kwanza yawe: "Niko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa siku fulani, nina homa." Lengo la madaktari duniani kote ni antibiotiki ya kwanza iingie mshipani ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Ukiyanyamazia, unaweza kupangwa foleni ya malaria.

Kosa la pili ni zile kapsuli sita, na hili lina mizizi mirefu kuliko usiku ule. Nyumbani kwetu tulikuwa na kopo la vidonge vilivyobaki: vya kikohozi cha mtoto, vya kidonda cha mjomba, nusu dozi za miaka. Kila dozi ya ovyo huwaua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wale wanaoistahimili dawa. Fleming mwenyewe alilionya hili Desemba 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel. Kwa mtu mwenye kinga yake, usugu wa dawa ni habari ya mbali. Kwa mwenye kemo, antibiotiki ndiyo askari wake wa kuazima kwa wiki ile nzima, na kama bakteria waliomo utumboni mwake wamekwisha kuizoea, daktari hubakiwa na dawa chache, za bei kubwa na zenye ukali. Kabla ya kusafiri, kusanya vidonge hivyo vyote, vyako na vya nyumba nzima, vipeleke spitali au kituo cha afya wavitupe inavyofaa.

Kutokana na hayo, suala la wapi utakaa lina uzito kuliko nauli. Mgonjwa wa Pemba anayetibiwa Unguja, au anayepelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hawezi kusimama gatini Mkoani, bandari ya Pemba, saa nane za usiku akaita boti. Kama yupo jamaa Unguja au Dar, mwombeni mzunguko wa kwanza akae kwake mpaka siku ya kumi na nne ipite. Ikishindikana, basi kabla ya kurudi nendeni spitali iliyo karibu na nyumbani mkiwa na karatasi: jina la ugonjwa, majina ya dawa, tarehe ya dripu, namba ya simu ya wodi. Karatasi yetu tuliitoa nakala tatu. Moja ilikaa mlangoni, usawa wa macho, na mwenye gari jirani alikuwa na namba zetu.

Chakula kiwe kilichoiva na kuliwa moto. Urojo wa njiani, juisi za barafu na saladi za kukatwa zingoje. Embe na ndizi ni nzuri kwa kuwa unamenya mwenyewe, mikono ikiwa imeoshwa. Maji yachemshwe. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kichefuchefu kuja, jinsi ilivyoandikwa. Mswaki uwe laini, na mdomo usukutuliwe kwa maji ya chumvi. Kwa saa 48 baada ya dripu mkojo, choo na matapishi hubeba mabaki ya dawa, basi anayefua na kusafisha avae glavu, choo kimwagiwe maji mara mbili, na mjamzito asishike kazi hiyo. Ukaya mwepesi wa pamba ni bora kuliko wa nailoni kichwa kikishakuwa kitupu. Mama mdogo alinyoa mwenyewe, na alisema ilimuuma kidogo kuliko kuziokota nywele juu ya mto wake wa kulalia kila asubuhi.

Kuhusu Ramadhani, wengi huona kuacha kufunga ni udhaifu. Aya ya 184 ya Surat al-Baqara imempa mgonjwa siku nyengine, na dawa kama sisiplatini bila ya maji ni hatari kwa figo. Muulize daktari na sheikh wote wawili, mapema, kabla mwezi haujaandama.

Tikiti ya boti ya kurudi msiikate mapema. Siku ya mzunguko wa pili damu hupimwa kwanza, na chembe zikiwa chini daktari anaweza kuiahirisha dripu kwa siku kadhaa au wiki. Sisi tuliahirishiwa mara mbili, na mara ya pili tulikuwa tumejiandaa: begi lina khanga za akiba, daftari, karatasi ya wodi, na kipimajoto kimefungwa kwenye leso ili kisivunjike.