Kigoma mpaka Mtwara kwa ndege: namna ya kupiga hesabu ya umbali na muda

Ukiuliza intaneti umbali wa Kigoma mpaka Mtwara kwa ndege unaletewa namba moja na kitu kama masaa mawili hivi, alafu mtu anapanga safari kwa hiyo namba, kumbe safari yenyewe inapitia Dar. Bora ujue kupiga hesabu mwenyewe, sio ngumu.

Tafuta kwanza latitudo na longitudo za viwanja, kwenye ramani ya simu zipo. Kigoma (herufi za uwanja wake kwenye tiketi ni TKQ) iko kama 4.88 kusini na 29.67 mashariki, Mtwara (MYW) ni 10.34 kusini na 40.18 mashariki. Toa latitudo: 5.46. Toa longitudo: 10.51. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwahiyo unapata 606 kwenda kusini na 1,167 kwenda mashariki, ila hiyo ya mashariki zidisha kwa 0.99 mana digrii za longitudo zinabanana kadri unavyotoka ikweta, inabaki 1,155. Sasa kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kama kilomita 1,300. Kwa huku kwetu karibu na ikweta njia hii inatosha kabisa, ila usiipeleke Ulaya, kule utapotea.

Angalia pia kizio, mana marubani wanatumia maili za baharini na moja ni kilomita 1.852, ukichanganya na maili za kawaida hesabu yote imeharibika.

Muda: ndege ya mapangaboi kama Dash 8 Q400 chukulia kilomita 650 kwa saa, alafu ongeza dakika 20 mpaka 30 za kutembea uwanjani, kupanda na kushuka, hizo watu wengi wanazisahau. Moja kwa moja ingekua kama masaa mawili na nusu.

Sasa njia halisi. Kigoma–Dar ni kama kilomita 1,080, Dar–Mtwara kama 400, jumla 1,480, yani umezunguka kilomita 180 tu hivi! Ukiweka zile dakika 20 mpaka 30 mara mbili, mana ndege ni mbili, safari ni kama masaa matatu. Kinachokula siku ni kusubiri Dar, na kama ndege inatua njiani kabla ya Dar ongeza tena, kwahiyo kabla hujalipa uliza inasimama wapi na ya kuunganisha inaondoka saa ngapi. Soma saa vizuri, 07:00 kwenye tiketi ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana. Na kama tiketi ni mbili tofauti jiachie masaa matatu au zaidi Dar, mana begi unalichukua mwenyewe na kucheki in upya, na ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri.