Kulinganisha hoteli za pointi Bangkok

Hoteli za pointi ni zile unazoweza kulipia kwa pointi unazokusanya kama mwanachama wa kampuni ya hoteli. Ukitaka kuzilinganisha, anza na bei kamili. Alama ya “++” pembeni ya bei maana yake bado kuna ada ya huduma 10%, kisha VAT 7% juu ya jumla hiyo: baht 5,000 zinakuwa 5,885. Wengi hulinganisha bei ya ++ na bei iliyokwisha jumlisha kodi, wakachagua ghali wakidhani ni nafuu.

Sasa gawa bei kamili kwa pointi zinazotakiwa. Usiku wa baht 5,885 kwa pointi 25,000 unakupa baht 0.235 kwa pointi. Fanya hivyo kwa tarehe zile zile, maana bei hupanda na kushuka. Usilinganishe pointi za kampuni tofauti za hoteli, kama Hilton na Hyatt, moja kwa moja. Hazina uzito sawa. Accor ni rahisi: pointi 2,000 ni euro 40. Marriott, ukikaa usiku tano mfululizo kwa pointi, unalipia nne tu.

Weka nafasi kwenye tovuti ya hoteli yenyewe. Ukipitia wakala, kwa kawaida hupati pointi, na hadhi yako ya uanachama huenda isitambuliwe.

Halafu tazama ramani. Hoteli za kando ya mto Chao Phraya zinapendeza, ila nyingi hutegemea boti hadi gati ya Sathorn, penye kituo cha Saphan Taksin cha BTS, treni ya juu ya jiji. Kwa hoteli za eneo la Asok, lenye kituo cha BTS, unashuka treni, unatembea. Kwa foleni za jioni, tofauti hiyo ni kubwa.