Mzungumzaji Hajafika: Namna ya Kubadili Ratiba ya Kongamano la Historia Dakika za Mwisho

Kongamano la historia la siku tatu lenye kumbi nne, kama yetu ya Kampala, halimaliziki bila ratiba kuguswa. Mwasilishaji kutoka Kongo amekwama mpakani Mpondwe, basi la Nairobi limechelewa mpakani Malaba, viza ya mwenzetu wa Ulaya haijatoka, mgeni rasmi ameitwa kwenye kikao kingine. Hayo yote yanazoeleka. Kinachoharibu kongamano ni waandaaji kubadili zaidi ya kilichohitaji kubadilishwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usisogeze mada ya mtu ili kuziba pengo la mwingine. Kwenye makongamano yetu wasikilizaji huhama ukumbi kwa ukumbi. Anayetafiti reli ya Uganda atatoka kwenye jopo la wamisionari saa 4:30 ili awahi mada moja tu jirani inayoanza saa 4:35. Ukiwa umeianzisha mapema, saa 4:20, kwa sababu mada ya pili haina mtu, atakuta makofi. Aliyetangazwa kwa saa fulani azungumze saa ileile.

Hesabu ya jopo

Tuchukue jopo la dakika 90 lenye mada nne, kuanzia saa 4:00 asubuhi. Mwenyekiti ana dakika 5, kila mada dakika 15, na 25 zinabaki kwa maswali. Mada ya pili ikiondoka, muda wa 4:20 hadi 4:35 unakuwa wa maswali kuhusu mada ya kwanza pekee, kisha ya tatu inaanza saa 4:35 kama ilivyochapishwa. Usiwagawie waliobaki dakika hizo 15. Mtu aliyejiandaa kwa dakika 15 akipewa 20 hatumii 20, anatumia 27.

Hili linawezekana tu kama ratiba ilichapishwa na saa ya kila mada. Ratiba nyingi huandika saa ya jopo kuanza na kwisha, basi. Zinaonekana safi, lakini siku ya msukosuko hazina msaada.

Wakiondoka wawili kati ya wanne, acha jopo liendelee na wawili na lifungwe mapema. Kuunganisha majopo mawili kunafaa ikiwa jumla ya mada haizidi nne, mada zenyewe zinahusiana, na uamuzi umefanywa kabla ya jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi ileile ni kuchelewa: nusu ya watu watakwenda ukumbi wa zamani. Akibaki mmoja tu, mhamishie kwenye kikao huru. Hiki ni kipindi kitupu cha dakika 45 ambacho kila siku ya kongamano inapaswa kuwa nacho, kwa mfano saa 10:00 hadi 10:45 alasiri. Wafadhili watakuuliza kwa nini kipo na hakina jina. Usikitoe.

Angalia pia mpangilio wa nyakati. Jopo linaloanza na Mkataba wa Buganda wa 1900, likapita kwenye uhamisho wa Kabaka Mutesa II mwaka 1953 na kuishia kwenye mgogoro wa 1966 limepangwa hivyo kwa makusudi. Mzungumzaji wa tatu anajenga juu ya wa kwanza. Ukimtanguliza wa 1966 kwa kuwa yeye ndiye aliyefika mapema, umemlazimisha aeleze mkataba ambao mwenzake ataueleza tena. Mfuatano ukilazimika kuvunjika, mwambie mwenyekiti atumie zile dakika zake 5 kuweka msingi.

Uliza mapema, piga simu jioni

Barua ya kukubali ikisiri (maelezo mafupi ya mada) ndiyo mahali pa kuuliza: usipofika, unataka usomewe, uwasilishe kwa mtandao, au uondolewe? Jibu liwe kwenye jedwali moja pamoja na namba ya WhatsApp na nchi alipo. Makala kamili au muhtasari wa kurasa nne ufike wiki mbili kabla. Anayekataa kutuma chochote ndiye wa kwanza kumwekea mpango mbadala.

Jioni ya kuamkia kila siku, mnamo saa 12, mpigie simu kila mzungumzaji wa kesho. Ujumbe hautoshi. Wala usimuulize kama atakuja, kwa sababu wote watakuja. Muulize yuko wapi sasa hivi. Aliye Nairobi bado hajapanda basi hatakuwa na nguvu za kuzungumza saa 3 asubuhi Kampala, hata akifika. Anayetua Entebbe ana kilomita kama 40 hadi mjini, na ingawa barabara ya mwendokasi ipo tangu 2018, jamu ya kuingia jijini jioni bado inakula muda. Mhesabie saa mbili kuanzia anapotoka uwanja wa ndege, si kuanzia ndege inapotua.

Siku yenyewe, msimamizi wa ukumbi (mwanafunzi mwenye simu iliyochajiwa anatosha) atoe hesabu ya waliopo dakika 30 kabla ya jopo. Dakika 10 kabla, uamuzi ufanywe. Mtu akitokea baada ya zamu yake kupita, anawekwa mwisho ikiwa zimebaki dakika 12 au zaidi. Zikipungua hapo, anakwenda kikao huru. Kanuni hiyo iandikwe na isomwe kwa wote mapema, maana atakayechelewa anaweza kuwa profesa aliyemfundisha mwenyekiti, na mwenyekiti hatathubutu kuitunga papo hapo.

Mtu mmoja aamue

Kila siku iwe na mwamuzi mmoja na naibu wake. Mwingine aandike na kutangaza. Wajumbe wengine wote wa kamati, hata wakubwa kwa cheo, wakiombwa mabadiliko kwenye foleni ya chai wajibu: "Mwone fulani." Vurugu nyingi huzaliwa hapo kwenye chai, mkuu wa idara anapomkubalia rafiki yake kwa nia njema kabisa.

Tangazo liwe fupi, lianze na kilichobadilika. Mfano:

MABADILIKO. Ijumaa, toleo la 3, saa 1:30 asubuhi (07:30)
Jopo la 6, Ukumbi B: mada ya pili imeondolewa. Mada ya tatu inaanza saa 4:35 asubuhi (10:35) kama ilivyochapishwa.
Mengine yote hayajabadilika.

Usiuache mstari wa mwisho. Bila huo, kila mwasilishaji atakuja mezani kuuliza kuhusu yake. Saa ziandikwe kwa mitindo miwili kama hapo juu. Mganda, Mkenya na Mtanzania wote husema saa tatu kwa maana ya 09:00, lakini mgeni anayesoma "3:00" atakuja alasiri. Na sababu ya mtu kutofika isiandikwe. Ugonjwa, viza, fedha au siasa za nyumbani kwake ni mambo yake, "hatahudhuria" inatosha.

Tuma maneno yenyewe kwenye kundi la WhatsApp ambalo wasimamizi tu ndio wanaoandika, kisha faili kwa wanaoitaka. Wengi wanatumia bando dogo na hawatapakua ratiba ya kurasa 20 ili kutafuta mstari mmoja. Usitegemee Facebook: ilifungwa Uganda Januari 2021, na waliozoea kuzunguka kizuizi si wote. Kwenye mlango wa ukumbi bandika karatasi ya A3 na ukate kwa kalamu nyekundu, jina la zamani lisomeke chini ya mstari. Ukumbi ukibadilika, mtu asimame kwenye mlango wa zamani dakika 20 za mwanzo. Karatasi peke yake haimgeuzi mtu aliyekwishashika kitasa.

Kusoma kwa niaba

Maneno 2,000 ya Kiingereza yanaingia kwenye dakika 15; ya Kiswahili, ambayo ni marefu zaidi, panga 1,500 hadi 1,600. Makala ya maneno 8,000 haisomwi, inapunguzwa, na anayepunguza ni mwandishi. Akishindwa, soma utangulizi, sehemu moja ya ushahidi na hitimisho, na useme wazi kuwa umeruka. Msomaji apewe maandishi angalau usiku uliotangulia ayapitie majina ya watu na mahali. Maswali hayajibu yeye. Mwenyekiti anayaandika na kuyapeleka kwa mwandishi. Msomaji mwerevu anayeanza kutetea hoja za mwenzake huzaa ugomvi ambao mwandishi ataukuta kwenye baruapepe.

Kuhamia mtandaoni

Hapa ndipo saa zinapowaponza watu. Nairobi na Dar es Salaam ziko sawa na Kampala. Kigali, Bujumbura, Juba na Lubumbashi ziko nyuma saa moja, Kinshasa saa mbili. London iko nyuma saa tatu majira yao ya baridi na mbili majira ya joto. New York saa nane, kisha saba. Marekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, kwa hiyo katikati hapo jedwali lako la zamani linadanganya. Hali hiyo hurudi mwishoni mwa Oktoba, Ulaya inapotangulia kwa wiki moja. Mzungumzaji wa New York mpe saa 9 alasiri yetu: kwake ni saa 1 au saa 2 asubuhi. Jopo la saa 3 asubuhi lingemkuta usiku wa manane.

Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi inaendelea lakini ruta inazima, na pamoja nayo mgeni wako wa mtandaoni. Basi kifaa cha kuhifadhi umeme kiunganishwe kwenye ruta kwanza, projekta baadaye. Weka simu mbili za mitandao tofauti, MTN na Airtel, tayari kugawa intaneti. Omba pia rekodi ya dakika 12 kutoka kwa kila atakayezungumza kwa mbali, uwe nayo kwenye kompyuta ya ukumbini. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ya Kampala juu ya mabati inameza sauti ya spika ndogo; ukumbi wa paa la mabati usipewe jopo la mtandaoni alasiri.

Kuna jambo ambalo wanahistoria hulisahau kwenye haraka hiyo. Ruhusa ya kuonyesha picha ya nyaraka ukumbini huenda haigusi kurusha mtandaoni. Mtoa simulizi aliyekubali maneno yake yasikike mbele ya watu 30 hakukubali rekodi ibaki YouTube. Jopo likihamia mtandaoni, zima kurekodi hadi mwasilishaji aseme lipi linaruhusiwa.

Ufunguzi, Ijumaa na wakalimani

Mgeni rasmi akichelewa, anzeni na jopo la kwanza kwenye kumbi ndogo, hotuba zihamie kabla ya chakula cha mchana. Wimbo wa Taifa na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki viimbwe atakapofika, bila kurudia utambulisho wote. Kaimu wake akitumwa, mpe muda uleule, dakika 15, na umwombe hotuba iliyoandikwa.

Mzungumzaji mkuu akikosa, usimpandishe mtafiti chipukizi kujaza saa nzima. Afadhali mazungumzo ya meza ya watu watatu kuhusu nyaraka: hali ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Wandegeya, Makumbusho ya Uganda pale Kitante, kumbukumbu za makanisa. Wajuzi wa hayo huwa wamekaa ukumbini tayari.

Ukihamisha watu Ijumaa, acha wazi saa 6:30 hadi 8:00 mchana kwa swala. Jumamosi, waulize Waadventista kabla ya kuwapangia. Wakalimani wafahamishwe kabla ya kundi la WhatsApp. Wanafanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi, na mada mpya bila orodha ya majina na miaka inawaacha wakikisia. Dakika 20 za kupitia karatasi moja ya majina zinawatosha.

Cheti cha aliyewasilisha kisichapishwe mapema. Chapisha baada ya jopo, kutoka kwenye daftari la msimamizi wa ukumbi, likionyesha nani alizungumza, nani alisomewa na nani hakuwapo. Daftari hilo ndilo pia litakalotumika kulipa posho na kuandika ratiba ya mwisho itakayobaki kwenye tovuti, kwa sababu ile iliyochapishwa mwezi mmoja kabla ina majina ya watu ambao hawakuvuka hata mpaka.