Ua wa sipresi unaobaki kijani hadi chini

Ukipita Muhumba au Nguba, zitazame nyua za sipresi kwa chini, usawa wa magoti. Juu karibu zote ni kijani. Huku chini utaona vijiti vikavu, matundu ya kupitisha mbuzi, pengine kipande cha bati kilichofungwa kwa waya ili kuziba. Kazi yangu hapa Bukavu ni kupanda na kukata nyua hizo, na wengi wanaoniita wananiita kwa ajili ya matundu hayo, miaka mingi baada ya wakati wa kuyazuia.

Fungua matawi kwa mikono miwili utazame ndani. Kijani ni tabaka la nje tu. Nyuma yake ni vijiti vya kahawia visivyo na jani hata moja. Bugenvilia ukiikata hadi kwenye shina itachipua. Sipresi ukiikata hadi kwenye kahawia, pale haitoi jani tena. Kwa hiyo ua mzuri hutengenezwa miche ikiwa bado midogo, na mkasi unapita kwenye kijani peke yake.

Mti huu asili yake ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati, ndiyo maana unapenda baridi yetu ya mita 1,500 na zaidi. Panda mvua za Septemba zikishashika, mwisho kabisa Novemba, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya kiangazi cha Juni. Kwenye pepinyeri, yaani kitalu cha miche, chagua mche wa sentimita 30 au 40 wenye matawi tangu chini. Ule mrefu uliokaa sana kwenye sashe (kifuko chake cha plastiki) uache, hata wakikupunguzia bei: mizizi yake imeshajizungusha, na baada ya miaka michache upepo wa ziwa utaulaza.

Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, changanya udongo wa juu na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, na acha sentimita 70 kati ya mche na mche. Watu hubananisha ili ua uzibe haraka. Unaziba kweli, halafu miti inanyimana mwanga na kukauka chini. Kaa mita moja kutoka mpaka wa jirani, maana siku moja itabidi upite upande ule na mkasi. Kwa sisi wa kwenye mteremko, jenga kituta cha udongo upande wa chini wa kila shimo ili maji ya mvua yasimame kidogo. Goma, penye mawe ya volkano, itabidi ulete udongo wa kujaza shimo zima.

Kiangazi cha kwanza na cha pili, mwagilia mara mbili kwa wiki, kila mche nusu ndoo, polepole. Kurashia kila jioni kunalowesha vumbi tu. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina.

Sasa mkasi. Mche ukifika magotini, anza kupunguza ncha za pembeni, sentimita chache tu. Ncha ya juu iache ipande. Kila ncha unayokata hutoa nyingine mbili tatu nyuma yake, na huo ndio unene wa ua. Rudia Novemba na Machi kila mwaka. Chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifike hadi kwenye matawi ya mwisho. Hili ndilo ninalogombana nalo zaidi na wenye lupango, yaani wenye kiwanja, kwa sababu wanataka ukuta ulionyooka. Ua uliopanuka juu unajifunika wenyewe kivuli, na miguu yake inakufa. Ukifika urefu unaoutaka, kata ncha ya juu sentimita 20 chini ya hapo. Usikate kwa nguvu Juni. Jua litababua kilichofunuliwa.

Kuna chawa wa sipresi pia, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 kisha akaenea nchi nyingi za Afrika mashariki na kati. Ni wa kahawia, anakaa kwenye vijiti vya ndani, na anashambulia zaidi kiangazi. Ukiona sisimizi wengi wanapanda na matawi yananata na kuwa meusi, mtafute humo ndani mara moja. Kata matawi yaliyoshambuliwa uyachome, kisha pigia maji ya sabuni kwa nguvu hadi ndani, na urudie baada ya wiki. Mate yake yana sumu, kwa hiyo tawi laweza kuendelea kukauka hata yeye akiwa ameshakufa.

Mti mmoja ukifa katikati, ung'oe na mizizi yake, weka udongo mpya, panda mche mdogo mvua zikirudi. Punguza majirani wake kidogo pande zote mbili, kwenye kijani tu, ili upate jua.