Katiza hadithi kwenye swali: somo la Mpemba na maziwa ya moto

Watoto wengi wakisimuliwa habari za wanasayansi hubaki na jina na mwaka tu. Kwangu mimi, hadithi ya sayansi ikatizwe pale swali linapozaliwa, na isimaliziwe mpaka watoto wameshika vifaa wenyewe. Nitaonesha kwa hadithi ya Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kitanzania.

Hatua ya 1: Anzia jikoni. Usiseme "leo tutajifunza kuhusu mwanasayansi." Sema: mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake Mpemba mmoja alitia sukari kwenye maziwa bila kuyachemsha, akawahi kuyaweka. Mpemba, ili asikose nafasi, akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kuangalia.

Hapo nyamaza. Uliza: ya nani yameganda? Kila mtoto anyooshe mkono upande mmoja, nawe andika idadi ubaoni. Usiifute mpaka mwisho wa somo.

Hatua ya 2: Igizeni kutoaminiwa. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Maziwa ya moto ndiyo yaliyoganda, lakini mwalimu alimwambia Mpemba amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimweleza kuwa naye huyaweka yakiwa ya moto, yagande upesi. Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza mwalimu tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakaligeuza jina lake kuwa kejeli kila alipokosea. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Kijana akasimama akauliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi sawa, kwenye friza moja, mbona ya moto yanatangulia kuganda? Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Mimi humpa nafasi ya Mpemba mtoto ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono. Akishauliza lile swali kwa sauti mbele ya darasa, wiki inayofuata huuliza la kwake.

Hatua ya 3: Jaribuni. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana, maji yaliyopimwa sawa, kimoja cha uvuguvugu, kingine cha moto, vyote kwenye friza moja. Maji ya moto amimine mtu mzima. Chunguzeni kila dakika 15, mtoto mmoja akiandika saa na alichokiona, si alichokitarajia.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nimejaribu na wanangu, ya uvuguvugu ndiyo yaliyoganda kwanza. Nimeharibu hadithi?

Marahaba mama. Hujaharibu. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima kwa makini wasione maji ya moto yakitangulia kuganda. Kati ya wanaosema hutokea, wengine hueleza kwamba maji ya moto hupungua kwa mvuke, wengine kwamba kikombe cha moto huyeyusha barafu kilichokalia, kikagusa ubaridi moja kwa moja. Waambie watoto ukweli huo, kisha mrudie mkibadilisha kitu kimoja tu.

Shule yetu haina umeme. Tufanyeje?

Chukua William Kamkwamba wa Malawi. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, akasoma vitabu vya maktaba, na kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki akaunda mtambo wa upepo uliowasha taa nyumbani kwao. Katiza anapookota vyuma jalalani, watoto watengeneze pangaboi la karatasi. Panga zipinde kiasi gani ndipo lizunguke upesi?

Binti yangu kauliza mbona wote ni wanaume.

Kauliza vyema, na kosa ni langu. Msimulie Wangari Maathai, mwanabiolojia aliyepata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971. Alipokuwa mdogo, kijijini Ihithe, Nyeri, alicheza na mayai ya vyura kwenye kijito kilichochimbuka karibu na mtini mkubwa, ule Wakikuyu wanaouita mugumo. Alirudi akiwa mtu mzima akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Katiza hapo, uliza: maji yameenda wapi? Kisha chukueni makopo mawili yaliyotobolewa chini, moja la udongo wenye majani yaliyoota, jingine la udongo mtupu. Mwageni maji sawa kwa nguvu sawa, mtazame yanayotoka kila kopo yana rangi gani.